Ufizi wa maskini huzeeka mapema

Si siku nyingi zilizopita nilihudhuria mazishi nyumbani kwetu Machakos. Baada ya marehemu kustiriwa tuliketi chini ya mwembe tukingojea chakula, na kando yangu akaja akaketi mtu aliyeinama mgongo, mashavu yamembonyea na midomo imeingia ndani kama ilivyo midomo ya vikongwe. Nilimwamkua kwa heshima niliyofunzwa tangu utotoni, nikamwuliza, "U hali gani, mzee?" Alicheka huku ameuziba mdomo kwa kiganja. "Mzee gani?" akasema. "Hunikumbuki? Mimi na wewe tulikalia dawati moja."

Nilitahayari, wala sikujua niyaelekeze wapi macho yangu. Mtu niliyemwita mzee alikuwa hirimu yangu. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukafunzwa na walimu wale wale, na mwaka 1985 tulikuwa miongoni mwa watahiniwa wa kwanza kabisa wa KCPE. Baada ya hapo njia zetu ziliachana. Mimi nilibahatika kuendelea na masomo na hatimaye nikaingia katika kazi hii ya kalamu. Yeye alikwenda kwenye machimbo ya mawe, na huko anaponda kokoto hadi leo.

Tulipakuliwa muthokoi na vipande vya nyama. Nyama yake alimpa mjukuu wake. Katika muthokoi alichagua maharagwe, na punje za mahindi akaziacha kando ya sahani. Nilipomwuliza meno yake yalikwenda wapi, alinijibu pasipo uchungu wowote: "Ni umri, ndugu yangu. Umri ukifika, meno hujiondokea yenyewe."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Maana kama ni umri, umri wangu mimi uko wapi? Tumehesabu miaka ile ile, na meno yangu yote yangali kinywani.

Yanipasa niungame jambo. Zamani kidogo, nilipokuwa katika miaka ya thelathini na ushei, fizi zangu zilitoka damu kila nilipopiga mswaki. Sikujali. Nilidhani ni mswaki mgumu. Kisha jino moja la mbele likaanza kucheza, nikaingiwa na hofu. Mwajiri wangu alikuwa na bima ya matibabu, basi nikaenda kwa daktari wa meno bila kuuliza bei. Alinionyesha katika picha ya eksirei jinsi mfupa ulioshika jino ulivyokuwa umeanza kuliwa. Alinisafisha meno mara nne, hadi chini ya ufizi, akanifunza namna ya kupiga mswaki, akaniamuru nirudi kila baada ya miezi sita. Jino lile liliacha kucheza, nami nalitafunia hadi hivi leo.

Mwenzangu naye alitokwa na damu katika miaka ile ile. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe. Meno yalipoanza kulegea alikwenda katika kituo kilichokuwa karibu naye, akaelezwa kwamba huduma iliyopo ni ya kung'oa tu. Kung'oa kulikuwa kwa bei ya ujira wake wa siku mbili. Kusafishwa, huko mjini kwa daktari wa kibinafsi, kungemla ujira wa zaidi ya wiki moja, mbali na nauli na siku za kazi ambazo angezipoteza. Akang'olewa moja, akang'olewa la pili, na mengine akayang'oa mwenyewe kwa uzi. Ugonjwa ulikuwa mmoja, nasi tulikuwa watu wawili. Kilichotutenganisha hakikuwa kalenda.

Hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Katika kinywa cha kila mwanadamu, awe tajiri au fukara, hukaa bakteria wengi wasiohesabika. Hawa hujijengea utando laini juu ya meno, ambao wazee wetu waliuita ukoga. Ukoga usipoondolewa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoka damu unapoguswa. Wengi huita hali hiyo kiseyeye, ijapokuwa kiseyeye hasa ni maradhi ya kukosa vitamini C yapatikanayo katika matunda na mboga. Mwaka 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye afya njema waache kabisa kusafisha meno yao. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kujisafisha, uvimbe ulitoweka kwa siku chache. Fundisho la jaribio hilo lingali hai: damu ya ufizi ni ishara ya mapema, na katika hatua hiyo hasara yote hurudishika.

Hatua ya pili ndiyo ya msiba. Ukoga ulioachwa hushika chokaa, ukawa mgumu kama ukoko wa sufuria, na hapo mswaki hauwezi tena kuubandua. Ufizi huachana na jino, pakawa na kishimo, na ndani ya kishimo hicho bakteria hujificha. Kinga ya mwili huja kupigana nao, lakini vita vikidumu miaka na mikaka, ile kinga yenyewe huanza kuuharibu mfupa wa taya. Ni kama askari aliyeitwa amfukuze mwizi, akaishia kuibomoa nyumba. Mfupa ukishaliwa haurudi kwa urahisi, na aghalabu haurudi kabisa. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, na kwa hiyo mtu hushtuka wakati jino limekwisha kulegea.

Maradhi haya si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni moja ulimwenguni wana ugonjwa mkali wa fizi. Hapa kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima waliokaguliwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ndugu msomaji, tafakari idadi hiyo. Ikiwa karibu sote tunatoka damu, basi tofauti kati yetu haiko katika nani anaanza kuugua. Iko katika nani ataachwa augue mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenye lile jibu la mwenzangu. Je, ni umri? Ni kweli kwamba wagonjwa huongezeka kadiri miaka inavyoongezeka. Hata hivyo, ushahidi mzito dhidi ya hukumu hiyo ulipatikana papo hapo nyumbani kwetu. Mwaka 1988, watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya kuwakagua watu zaidi ya 1,100, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, katika wilaya ya Machakos ya wakati ule. Waliwakuta na ukoga mwingi, laini na mgumu, na fizi zilizovimba. Pamoja na hayo, uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umewalemea watu wachache miongoni mwao. Wengi walifika uzeeni wakiwa na sehemu kubwa ya meno yao, na waliokuwa hawana hata jino moja walikuwa nadra mno. Kwa hiyo nyanya zetu waliotafuna mahindi ya kuchoma hawakuwa viroja. Ukibogoyo si ushuru ambao kila aliyezaliwa hana budi kuulipa.

Mfano mwingine ni wa mashamba ya majani chai nchini Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, Löe na wenzake waliwafuatilia vibarua wanaume 480 ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala kupata huduma yoyote ya meno. Asilimia 11 hawakupita hatua ya kuvimba ufizi. Asilimia 81 waliharibika polepole. Asilimia 8 waliharibika kwa kasi ya kutisha, hata walipofika miaka 45 meno yao yalikuwa yamekwisha yote. Ukoga ulikuwa mmoja na kazi ilikuwa moja, ila miili haikuupokea ukoga ule kwa namna moja.

Msomaji makini ataniuliza: kama ni hivyo, si umaskini nao umeondolewa lawama? Si watu wa Machakos na wa Sri Lanka walikuwa wachochole karibu wote? Swali hilo ni la haki. Umaskini haung'oi jino kwa mkono wake wenyewe. Hutuma watumishi, nao ni tumbaku, kisukari kisichotibiwa, lishe duni, dhiki ya kila siku na tiba isiyofikika. Mwili mmoja huzaliwa na kinga tulivu na mwingine huzaliwa na kinga yenye hamaki, nasi hatuna uwezo juu ya hilo. Lakini watumishi hao wakikusanyika kwa mtu mmoja, hata mwili uliozaliwa na nguvu husalimu amri.

Ukitaka kuwaona watumishi hao kazini, wapime matajiri na maskini wa nchi moja kwa kipimo kimoja. Wamarekani walifanya hivyo mwaka 2009 na 2010. Miongoni mwa watu wa miaka 30 na zaidi walioishi chini ya mstari wa umaskini, takriban asilimia 65 walikuwa na ugonjwa wa fizi uliokwisha kugusa mfupa. Miongoni mwa wale wenye kipato cha mara nne ya mstari huo na zaidi, walikuwa kama asilimia 35. Hiyo ni nchi yenye madaktari tele wa meno. Sembuse sisi?

Hapa ndipo wanasayansi walipoleta fikra ambayo naona yatufaa sana. Wanasema kwamba mtu ana umri wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ulioandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Wa pili ni umri wa mwili, yaani uchakavu wa seli, wa mishipa na wa kinga. Mwaka 1992, mtafiti Arline Geronimus wa Marekani alitoa hoja kwamba miili ya wanawake weusi wa nchi hiyo huchakaa mapema kwa sababu ya kukabili ubaguzi na uhitaji mwaka baada ya mwaka, mfano wa ukuta unaopigwa na jua na mvua bila paa. Mwaka 2004, Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao waliwachunguza akina mama, wengi wao wakiwa walezi wa watoto wenye maradhi ya kudumu. Walitazama telomea, yaani zile ncha zinazozikinga kromosomu kama kijibati kinavyokinga mwisho wa kamba ya kiatu. Wanawake waliolemewa zaidi na dhiki walikuwa na telomea fupi, kana kwamba seli zao zilikuwa zimeishi zaidi ya miaka kumi kuliko zile za wenzao waliokuwa watulivu. Naye Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 2013 njia ya kukadiria umri wa mwili kwa kusoma alama za kikemia zilizo juu ya DNA.

Je, uchakavu huo wahusikaje na ufizi? Mwili uliochakaa huwa na kinga inayochelewa kufika vitani na, ikishafika, haijui kuondoka. Huko ndiko kuibomoa nyumba nilikokutaja. Mwaka 2008, Wael Sabbah na wenzake wa London walizichukua takwimu za Wamarekani wakapima mzigo wa uchakavu huo kwa vipimo kama vile shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. Waliona kwamba mzigo huo ulieleza sehemu ya tofauti baina ya tabaka na tabaka, katika ugonjwa wa moyo na katika ugonjwa wa fizi pia. Nasema sehemu, wala sisemi yote. Vipimo vya umri wa mwili vingali vichanga, na itakuwa kosa kuvigeuza msahafu. Lakini mwelekeo wake wapatana na kile nilichokiona kwa macho yangu chini ya ule mwembe. Mwenzangu hakukosea aliposema ni umri. Alikosea kudhani kwamba umri ule aliupewa na Mungu. Aliupata machimboni.

Na deni hili lina riba. Mtu mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupata ugonjwa wa fizi mara tatu hivi kuliko asiye nacho. Kisha fizi zilizooza huifanya sukari ya mwilini iwe ngumu zaidi kudhibitiwa. Ugonjwa mmoja humbeba mwenzake mgongoni. Asiye na meno naye huacha kula nyama, karanga, matunda magumu na mboga mbichi, akabakia kwenye uji na ugali laini, na lishe hiyo haimwongezei nguvu za kupambana na lolote. Huficha mdomo anapocheka, na huogopa kusimama mbele ya watu.

Najua kuna watakaosema kwamba hizi ni porojo za kuwatetea wavivu, kwamba mswaki ni shilingi chache, na kwamba mswaki wa mti haununuliwi hata kwa senti. Wana sehemu ya ukweli, nami sitaki kuwanyima. Mswaki wa mti wa asili, ukitafunwa ukawa laini na kutumiwa kwa makini, husafisha meno vizuri. Anayevuta sigara au kutafuna tumbaku huku akilalamikia fizi zake anajidanganya. Kila mzazi yampasa amfunze mtoto wake kusafisha meno asubuhi na usiku. Lakini nitawauliza swali moja: je, mimi niliokolewa na mswaki? La hasha. Mswaki nilikuwa nao siku zote. Kilichoniokoa ni mtu mwenye ujuzi aliyeuondoa ukoga mgumu kabla mfupa haujakwisha, na kadi ya bima iliyoufungua mlango wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hospitali zetu nyingi tumeacha kuziba ufa, na ukuta hatuujengi. Tunaubomoa. Tumezoea msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, tukaufanya kuwa sera. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sioni mahali ilipoandikwa kwamba afya hiyo inaanzia chini ya kidevu.

Ninayoyaomba si makubwa. Kwanza, kusafishwa kwa meno na fizi kuwe huduma ya kawaida katika hospitali za kaunti ndogo na vituo vya afya, kwa bei ambayo kibarua anaweza kuilipa, wala kusihesabiwe kuwa urembo wa wenye nacho. Pili, kila kliniki ya kisukari na ya waja wazito iwe na mtu wa kutazama kinywa, kwani ujauzito nao huzidisha uvimbe wa ufizi. Tatu, mwaka 2023 serikali ilizindua kundi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya sukari na vya shinikizo la damu. Waongezewe swali moja tu la kuuliza mlangoni: je, fizi zako hutoka damu? Swali hilo halihitaji betri. Nne, waajiri wa vibarua, machimboni na mashambani, watambue kwamba siku moja ya ruhusa ya kwenda kwa daktari si hisani. Lakini tusijidanganye kwamba kusafisha meno pekee kutausawazisha umri wa miili yetu. Maadamu mtu ataponda mawe juani kutwa nzima kwa ujira usiomtosha chakula cha jioni, mwili wake utazeeka kabla ya cheti chake, na ufizi utakuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza.

Kabla hatujaagana siku ile, nilimwambia mwenzangu kwamba siku hizi kuna meno ya bandia, na kwamba ningeweza kumsaidia ayapate. Alinishukuru, kisha akatikisa kichwa. Jino la pembe si dawa ya pengo, akaniambia, nami sikuwa na la kumjibu. Halafu akanionyesha kwa kidole binti yake aliyekuwa akigawa maji kwa wageni, mama wa yule mjukuu. Naye yuko machimboni tangu alipomaliza shule. "Huyu," akasema, "fizi zake zimeanza kutoka damu. Nilimwambia ni kawaida."

Nilimwomba asimwambie hivyo tena. Binti yule hajatimiza miaka thelathini. Meno yake yote yangali imara, na mfupa wake huenda haujaguswa. Kwake yeye hasara yote ingali ni ya kurudishika, endapo atapatikana wa kumsafisha meno yake mahali anapoweza kufika na kwa bei anayoweza kulipa. Hilo ndilo ninalowauliza walio na mamlaka katika kaunti yetu na katika kaunti nyingine zote: yuko wapi mtu huyo, na atafika lini?